Watu Hufuata Nini Nane Nane?

Kuanzia Agosti 1 kila mwaka, barabara kuu iendayo Tunduma huwa haipitiki kirahisi pale Uyole, Mbeya. Daladala zinashusha, bodaboda zinapakia, na watu kutoka mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini wanaingia viwanja vya John Mwakangale kwenye Maonesho ya Wakulima ya Nane Nane. Siku hizo hizo wengine wanamiminika Nzuguni mkoani Dodoma, Themi jijini Arusha, Ngongo mkoani Lindi na Nyakabindi mkoani Simiyu. Mwezi mmoja kabla, watu walikuwa wamejaa kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba, Dar es Salaam. Wengi wao wamelipa nauli na kiingilio kwa fedha zao, bila kusukumwa na mtu. Wanafuata nini huko? Na hicho wanachokifuata kinalingana na gharama yake? Tumeziweka pamoja sauti sita za watu ambao mwaka wowote ukienda uwanjani huwakosi: diwani, mzee mkulima wa mahindi kutoka Mbozi, mama anayefanya biashara ya mchele Mbarali, bibi shamba wa kata, kijana wa mjini mwenye simu mkononi, na mwenyekiti wa kuwaamua.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Mheshimiwa Diwani, ni wewe uliyesimama kwenye baraza la madiwani ukayaita maonesho haya sikukuu ya posho. Tuanze na wewe.

DIWANI: Ahsante, Mwenyekiti. Nilisema, na kauli yangu sijaifuta. Halmashauri yetu ina banda la kudumu pale uwanjani, limepigwa bati na rangi. Linafunguliwa wiki moja kwa mwaka, wiki zinazobaki wanakaa popo. Ikifika Julai, watumishi wanaandikiwa posho, magari yanajazwa mafuta, fulana na mabango vinachapishwa. Fedha hizo zinatoka wapi? Ushuru wa mazao. Sheria inatoza asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mwisho wa yote anayeumia ni mkulima. Sasa nenda kaangalie watu wanafanya nini. Foleni ndefu kuliko zote ni ya kumwona simba kwenye banda la maliasili. Ya pili ni ya mishkaki. Siku ya kilele, Agosti 8, watu wanakaa juani tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi, na akishaondoka wanarudi nyumbani na kofia ya benki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbegu ikiwa nzuri kweli, kijijini itafika yenyewe.

MAMA: Mheshimiwa, samahani nikukate. Methali umeiweka kichwa chini, miguu juu. Uwanjani bidhaa imekaa palepale ilipo, anayejitembeza ni mnunuzi.

DIWANI: Na mnunuzi ananunua nini, mama? Ubuyu?

MAMA: Nikueleze ninachonunua mimi. Kwanza siendi kuuza mchele. Kilo nitakazouza kwa wiki moja hazirudishi hata nauli ya kuzitoa Mbarali. Naenda kutafuta watu watatu: mwenye mashine, mwenye mfuko na mwenye duka. Nataka mashine ya kupanga mchele kwa madaraja, itoe chenga na ichambue punje zilizobadilika rangi, maana mchele mchanganyiko bei yake unaijua. Kwa siku za kawaida, nikitaka kulinganisha mashine tatu, nipande basi hadi Dar es Salaam, nilale, nizunguke Gerezani na Kariakoo, na kila nitakapoingia nitaambiwa yao ndiyo bora. Nane Nane wote wamepangwa mstari mmoja. Nikimwambia huyu kwamba jirani yako kataja bei ya chini na fundi wake anakaa Igurusi, pa kujificha hana. Atashusha bei au atanionesha mashine yake inazidi nini.

MWENYEKITI: Na hao wengine wawili?

MAMA: Nafika. Mfuko na duka vinakwenda pamoja. Duka kubwa la mjini halipokei mchele wa kwenye kiroba kisicho na jina. Linataka jina la biashara, alama ya ubora, na mistari ile ya kusomwa na mashine kwenye pakiti. Nikivifuatilia ofisi kwa ofisi, ni mwezi mzima wa nauli na njoo kesho. Uwanjani natoka banda la SIDO, watu wa viwanda vidogo, naingia BRELA wanaosajili majina ya biashara, nakwenda TBS wenye alama ya ubora, na benki ninayotaka kuikopa iko ng'ambo ya njia. Yule aliyekuwa akiniambia njoo kesho, leo amesimama mlangoni ananiomba niingie. Kikundi chetu cha akina mama kilichokopa kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri yako, Mheshimiwa, mnunuzi wake wa kwanza wa maana kilimpata kwenye banda hilo hilo unalosema la popo.

DIWANI: Hilo sikulijua.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Mheshimiwa, mimi nakuunga mkono, ila kwa njia nyingine. Anayoyasema mama yalikuwa sawa zamani. Siku hizi bei za mashine ziko kwenye simu. Wizara ya Kilimo ina M-Kilimo, makundi ya WhatsApp ya wafugaji yapo, video zimejaa. Mimi ufugaji wa sato kwenye bwawa la turubai nimejifunza kwa video, sikutoka chumbani. Kiukweli tusidanganyane. Vijana wenzangu wanaokwenda Nane Nane wanakwenda kutembea. Muziki upo, nyama choma ipo, utakutana na watu. Nimewaona wanapanda juu ya trekta, wanapiga picha, wanashuka, wanaondoka. Bei ya trekta hawajauliza.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Sato wako wanaendeleaje?

KIJANA: Wapo, mzee.

MZEE: Wapo wakubwa?

KIJANA: Wamedumaa. Mwezi wa nane huu tangu niwaweke, hawajazidi kiganja.

MZEE: Umewaweka wapi?

KIJANA: Uyole hapa hapa.

MZEE: Na huyo wa kwenye video anafugia wapi?

KIJANA: Sijui, mzee. Ila alikuwa kifua wazi, jasho linamtoka.

MZEE: Sato ni samaki wa maji ya uvuguvugu. Huku mwezi wa sita asubuhi tunavaa makoti mawili, na kule Umalila umande unaganda kwenye majani. Simu yako siilaumu, imekufundisha kuchimba na kutandika turubai. Lakini ulikuwa na jambo la kuuliza kuhusu baridi ya kwetu, na video haiulizwi. Pale uwanjani kuna banda la uvuvi, mtaalamu amesimama na beseni la vifaranga mbele yake. Ungemwambia unakaa Uyole, naye angekuuliza maji yako asubuhi yana joto kiasi gani.

MWENYEKITI: Mzee wangu, umekuwa ukihudhuria tangu enzi zipi?

MZEE: Tangu sikukuu yetu wakulima ikiwa Sabasaba. Julai 7, 1954 ndiyo TANU ilizaliwa, na kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa ya chama na ya mkulima pamoja. Vilipokuja vyama vingi, miaka ya 1990, mkulima akapewa siku yake, Agosti 8. Sabasaba ikabaki na wafanyabiashara.

MWENYEKITI: Na wewe unafuata nini? Simba?

MZEE: Simba nimeshamwona, hana jipya. Mimi nafuata vipando. Mwezi wa nane huku ni kiangazi, mahindi ya mvua yameshavunwa, kwa hiyo yale unayoyaona uwanjani yakiwa kijani yamepandwa kwa kumwagiliwa, kila kampuni na kila taasisi na kipande chake. Naingia mstari kwa mstari. Ukubwa wa hindi siutazami, hata mtoto mdogo anauona. Nashika ganda kwanza. Limefunika ncha, au limeachia? Likiachia, mvua inaingia, hindi linaoza likiwa bado shambani, na ndege wanadonoa. Kisha natikisa bua. Naangalia hindi limebebwa kimo gani, maana likikaa juu sana upepo wa Mbozi utalilaza chini. Nageuza jani nitafute milia. Nikipata hindi lililokauka, naminya punje kwa ukucha. Ikiwa laini namkumbuka dumuzi, maana yeye hana haraka, ananisubiri ghalani. Nikishamaliza yote hayo ndipo nauliza hii mbegu inaitwaje.

KIJANA: Na muda wote huo mwenye banda anakutazama tu?

MZEE: Anapiga maneno, mimi nimechuchumaa. Na sikai peke yangu. Kuna mwaka nilikuta wenzangu wawili kwenye mstari ule ule, mmoja wa Ileje, mmoja wa Ludewa, hatujuani. Wa Ileje akasema mbegu hii nilipanda msimu uliopita, ni nzuri, ila usichelewe kupanda. Neno hilo mwenye banda hakuwa amelisema. Mbegu za kituo cha utafiti cha Uyole, kama ile UH6303, zilivyoenea huku, mafundisho ya wataalamu yamechangia, lakini pia mkulima alimwuliza mkulima mwenzake aliyekwisha kuvuna.

DIWANI: Mzee, nakuheshimu, lakini wangapi wanachuchumaa kama wewe? Mmoja kwa mia? Wenzetu Kenya chama chao cha maonesho, ASK, kina historia tangu 1901, na maonesho ya kwanza yalifanyika Nairobi mwaka 1902. Walioanzisha ni walowezi, na walijua wanachotaka: ng'ombe aletwe, ahukumiwe, aliyeshinda auze mbegu. Hata leo ukienda Jamhuri Park Nairobi au Mkomani Mombasa, mashindano yapo. Sisi tunakwenda kutazama tu.

BIBI SHAMBA: Mwenyekiti, naomba nimjibu Mheshimiwa kuhusu hao wanaokwenda kutazama tu.

MWENYEKITI: Karibu, Bibi Shamba.

BIBI SHAMBA: Mimi nina kata nzima na pikipiki moja. Mafuta yakiwepo naenda, yasipokuwepo natembea au naahirisha. Nikiitisha mkutano kijijini saa nne, watu wanafika saa sita, nao ni wale wale, wengi wanaume, wamekaa mbele na maswali yao ya mwaka jana. Mwanamke anayepanda, anayepalilia, anayevuna na anayehifadhi yuko nyumbani anapika. Sasa mkutano wangu mkubwa kuliko yote ya mwaka unajua ni upi? Ni foleni ya simba. Mwaka fulani tulipangiwa banda ambalo foleni hiyo inapita mbele yake. Mama amebeba mtoto mgongoni, wengine wawili amewashika mkono, foleni haisogei, jua linawaka. Ananiangalia, namwangalia. Namwambia mama, sogea kivulini hapa, nikuoneshe kitu wakati unasubiri.

DIWANI: Unamwonesha nini?

BIBI SHAMBA: Mfuko usiopitisha hewa. Ndani una tabaka mbili za plastiki, nje ni kiroba cha kawaida. Naufungua mbele yake, una mahindi ya msimu uliopita. Pembeni nina kiroba cha kawaida chenye mahindi ya wakati ule ule, sikuyawekea dawa. Kwenye hiki cha kawaida namwambia aingize mkono mwenyewe. Anatoa mkono umejaa unga na wadudu. Anaingiza kwenye ule mwingine, anatoa punje safi. Sijasema hata neno kuhusu dumuzi. Anachouliza ni mfuko huu unauzwa wapi na kwa bei gani, na ukitobolewa na panya inakuwaje. Hayo ni maswali matatu, mkutanoni sijawahi kuulizwa hata moja kati yake.

MAMA: Na la panya ndilo lenye maana.

BIBI SHAMBA: Ndilo. Namjibu ukweli: ukitobolewa, kazi yake imekwisha, kwa hiyo ghala lisafishwe kwanza. Kisha namwonesha lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha mbegu, kwenye pakiti ya mbegu, ile ya kukwangua. Unakwangua, unatuma namba kwa simu, unajibiwa kama mbegu imethibitishwa. Wengi wamenunua mbegu miaka yote na lebo hiyo wameitupa na pakiti bila kujua. Mtoto wake mkubwa ndiye anayekwangua, ndiye anayetuma namba. Novemba wakienda dukani, huyo mtoto atakumbuka. Kwa hiyo, Mheshimiwa, wewe unaishangaa foleni ya simba, mimi naishukuru. Waliofuata simba ndio wale wasiofika kwenye mikutano yangu.

MZEE: Mkaa bure si sawa na mtembea bure.

KIJANA: Sawa, hapo nimepunguza ukali. Lakini kilele? Hotuba, maandamano ya matrekta, vikundi vya ngoma, na pongezi kwa kila kiongozi aliyepo. Hilo nalo lina faida gani kwa mkulima?

MZEE: Inategemea siku yenyewe. Agosti 8, 2022 kilele cha kitaifa kilikuwa hapa hapa Mbeya. Mbolea ilikuwa imepaa, mfuko wa kilo 50 umevuka shilingi 100,000, watu wameanza kupanda bila mbolea. Rais Samia akazindua ruzuku hapo uwanjani, DAP na urea zikashuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Siku hiyo hakuna aliyefuata simba.

DIWANI: Redio ingetangaza, mzee. Ungesikia ukiwa Mbozi.

MZEE: Ningesikia bei. Nisingejua nifanye nini.

DIWANI: Kwani Rais ulimuuliza?

MZEE: Sikumuuliza Rais. Jukwaa lilipotawanyika nilikwenda banda la mbolea. Nikauliza mkulima anajiandikisha wapi, anakwenda na nini, na mzigo utafika Mbozi kabla ya mvua au baada. Kijana wa pale hakuwa na majibu yote, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akajibu tukiwa watu kama ishirini tumemzunguka. Ahadi iliyotolewa mbele ya watu ishirini wa wilaya moja ina uzito wake. Mkirudi nyumbani mnakumbushana.

MWENYEKITI: Mama, wewe umefika na Sabasaba. Huko mambo ni yale yale?

MAMA: Sabasaba ni kubwa na ni ya aina yake. Kuanzia Juni 28 hadi Julai 13, pale barabara ya Kilwa, Temeke. Mwaka 2024 yalikuwa maonesho ya 48. Wapo Waturuki na mazulia, Wachina na mashine, Wahindi, na mabanda ya mikoa yetu. Nusu ya wanaoingia, niseme kweli, wanafuata sufuria, sofa na punguzo la bei. Wengine wanakwenda moja kwa moja Magereza kununua vitanda na makabati, kwa sababu wanajua mbao zile hazina mzaha. JKT nao wana wateja wao. Mtu wa Dar es Salaam hajifichi, atakuambia nakwenda kununua. Sioni aibu yoyote hapo. Maonesho yalianza kama soko, na soko lisilo na mnunuzi litaitwa nini?

KIJANA: Litaitwa semina.

MAMA: Na semina bila posho nani atakwenda? Muulize Mheshimiwa.

DIWANI: Mmenikalia kooni. Haya, nikubali kwamba mtembezi naye ana faida yake, na kwamba mama na mzee wanarudi na kitu. Lakini swali langu la fedha halijajibiwa. Mzee, niambie kwa haki. Hayo mahindi ya kwenye kipando, yale uliyoyachuchumalia, ukiyapanda kwako yanatoka vile?

MZEE: Hayatoki.

DIWANI: Basi.

MZEE: Subiri. Hayatoki vile, na mimi najua kwa nini, kwa hiyo nakata. Nikiona gunia thelathini kwa ekari, nasema kwangu kumi na nane. Lakini nina jirani yangu hakujua kukata. Aliona mahindi yamenyooka, akanunua mbegu, kumbe ni ya ukanda wa chini, wa joto. Akaipanda kwetu mlimani. Hata Bibi Shamba alipokuja hakuwa na la kufanya.

BIBI SHAMBA: Na hapo nasema kwa niaba ya wataalamu, kosa ni la kwetu. Kipando cha maonesho kinahudumiwa kuliko mgonjwa wa chumba maalumu. Kinamwagiliwa kwa ratiba, mbolea ya kupandia na ya kukuzia inapimwa kwa kizibo cha soda, nafasi ni sentimita 75 kwa 30 kwa kamba, palizi haichelewi hata siku moja, na kinalindwa usiku na mchana. Mkulima anayetegemea mvua anaona matokeo, gharama haioni. Kwenye kibao tunaandika jina la mbegu na nembo ya kampuni. Hatuandiki ilipandwa lini, imekula mifuko mingapi ya mbolea, imemwagiliwa mara ngapi, na inafaa mwinuko gani kutoka usawa wa bahari.

MAMA: Wala hamwandiki imegharimu shilingi ngapi. Mimi mfanyabiashara nikioneshwa mapato bila matumizi naondoka. Mali bila daftari huisha bila habari.

KIJANA: Hicho kibao kikiwepo, nitakuja. Nitakipiga picha nikakilinganishe nyumbani na yale ya kwenye simu.

DIWANI: Na mimi, kibao hicho kikiwepo kwenye kipando cha halmashauri, bajeti ya banda nitaipitisha. Kisipokuwepo, tutaonana barazani.

MWENYEKITI: Nadhani tumefika mahali pa kuamua.

Kwanza, wanaokwenda kutembea tuwaache watembee. Mkulima na mtembezi mara nyingi ni mtu yule yule: asubuhi amechuchumaa kwenye mahindi, mchana anakula nyama na watoto. Ameshinda shambani miezi kumi, sikukuu hii imewekwa kwa ajili yake, na hakuna sheria inayomtaka ajifunze akiwa amenuna. Bibi Shamba ametuonesha kwamba aliyefuata simba anaweza kurudi na elimu ya kuhifadhi mahindi, mradi njiani awepo mtu wa kumwita kivulini.

Pili, simu haijayaua maonesho, wala maonesho hayashindani na simu. Simu inakuambia kilichopo. Uwanjani unapata mambo ambayo simu haijaweza: kulinganisha washindani wamesimama bega kwa bega, kushika na kuminya kitu kwa mkono wako, na kumuuliza mhusika swali la shamba lako mbele ya mashahidi. Mama wa Mbarali, mzee wa Mbozi na yule mama wa kwenye foleni hawafanani kwa lolote, lakini wote watatu walirudi na jibu la swali ambalo lisingejibiwa kwingine kwa bei ile. Hicho ndicho watu wanachokifuata, hata wale ambao ukiwauliza getini watakuambia wanakwenda kutembea.

Tatu, Diwani ana haki kuhusu fedha, na ushahidi umetolewa na Bibi Shamba mwenyewe. Banda lenye mabango, vipeperushi na watumishi walioinamia simu zao halina tofauti na banda lililofungwa. Kipando kisichotaja gharama yake ni pambo, na pambo likimshawishi mkulima kununua mbegu isiyo ya ukanda wake, basi limemdhuru.

Kwa hiyo tunawaomba waandaaji, halmashauri na kampuni za mbegu mambo mawili yasiyohitaji mfadhili. Kwenye kila kipando liwekwe bango lenye maandishi ya kusomeka, lieleze tarehe ya kupanda, kiasi cha mbolea, idadi ya kumwagilia, mwinuko unaofaa na jumla ya gharama kwa ekari. Na kila halmashauri, ikifika Desemba mvua zimeshika, ilete taarifa barazani: walichokiona wakulima wetu uwanjani mwezi wa nane, ni wangapi wamekipanda?

Na wewe msomaji unayepanga kwenda mwaka huu, usisubiri kilele. Nenda Agosti 3 au 4, watu bado wachache na wataalamu bado wana sauti. Chukua jina la kijiji chako, aina ya udongo wako, na tatizo moja lililokutesa msimu uliopita. Usiondoke kwenye banda mpaka umejibiwa, na ukitajiwa mavuno, uliza gharama yake.